Gunia la mtama na kundi la WhatsApp: Mama Salma amsikilize nani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 43, naishi Tabata, kazi yangu ni ya ofisini Posta. Mwezi uliopita nilipima sukari kabla ya kula ikaja 6.4. Uzito wangu kilo 86, urefu sentimita 160. Mume wangu ana miaka 50, ana kisukari mwaka wa nne sasa, anatumia metformini na glibenklamaidi. Baba mkwe katutumia gunia la mtama kutoka Singida, anasema magonjwa yetu ni ya vyakula vya mjini, tule kama mababu. Mama yake alifika miaka tisini kwa ugali wa mtama na mlenda. Huku ofisini mwenzangu kaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kuacha wanga. Hakuna ugali, hakuna wali, hata matunda hakuna. Ni mayai, nyama, siagi na parachichi, tena mlo mmoja kwa siku. Yeye kapungua kilo 11 kwa miezi minne. Nataka tuanze mimi na mume wangu. Nimsikilize nani? Na hilo gunia nilifanyeje? Nimeambatanisha picha ya chakula chetu cha Jumapili.

Jibu: Marahaba, Mama Salma.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba mnataka kuanza pamoja na mzee, yaani mumeo. Naomba msianze. Wewe nina mengi ya kukueleza, lakini yeye asiguse habari ya mlo mmoja kwa siku, wala kuacha wanga, kabla hajaonana na daktari anayemwandikia dawa. Glibenklamaidi huilazimisha kongosho imwage insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala. Mtu akimeza kidonge asubuhi kisha akakaa na tumbo tupu mpaka magharibi, sukari inashuka tu: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuparaganyika, halafu chini. Nimewahi kumpokea dereva wa daladala aliyeletwa na makonda wawili wakisema mwenzetu kalewa asubuhi yote hii. Hakuwa amelewa. Alikuwa siku ya tatu ya mlo mmoja aliojifunza kwenye simu, na kidonge chake alikuwa amemeza kama kawaida kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kipimo cha kidoleni kilisoma 2.1. Tukamwekea glukosi kwenye mshipa, na haikupita robo saa akauliza gari lake liko wapi.

Metformini peke yake mara nyingi haina vituko hivyo, ila mzee wako anazo zote mbili. Aende kliniki, aseme wazi anachotaka kufanya, dozi ipangwe upya. Wapo wagonjwa wengi waliopunguziwa vidonge baada ya kubadili chakula. Hilo linafanywa na daktari mwenye kipimo mkononi, si na admini wa kundi.

Sasa tuje kwako. Sukari ya 6.4 kabla ya kula haijawa kisukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu kisukari kuanzia 7.0, na kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni mahali pa tahadhari: insulini ipo, lakini mwili umeanza kuipuuza. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Rudia, na ukiweza omba kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu.

Baba mkwe wako ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa kuliko anavyojua mwenyewe. Miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam, mmoja wao Donald McLarty, walipima sukari za watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliokutwa na kisukari hawakufika 1 katika kila 100. Majibu yalichapishwa mwaka 1989. Mwaka 2012 nchi ikapimwa tena, safari hii watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, wakakutwa karibu 9 katika kila 100. Umri na namna ya kupima havikufanana, kwa hiyo usipige hesabu kwamba tumeongezeka mara tisa kamili, ila mwelekeo wenyewe hauhitaji miwani.

Tena kuna jingine, bichi kabisa, la mwaka 2025. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya nzuri, wa mjini na wa kijijini, huko Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, magimbi, viazi vitamu, kunde na mboga za majani, wakapelekwa kwenye vyakula vya kukaanga na vya viwandani kwa wiki mbili. Waliozoea vya mjini wakarudishwa kwenye vya asili. Kundi jingine likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Wiki mbili si kitu, hata nywele hazijaota vizuri baada ya kunyoa, lakini damu ilishasema: waliokwenda upande wa kukaanga waliongezeka uzito na dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani zikapanda, wa upande wa asili zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo mwezi mmoja baadaye. Nawaambia wagonjwa wangu habari hii kwa furaha, nikiruka kidogo ile sehemu ya mbege.

Ila na mimi ningependa kumuuliza baba mkwe, kwa adabu zote: mababu wapi? Mtama sawa, huo ni wa bara hili. Mabaki ya mtama wa kulimwa yamepatikana mashariki mwa Sudan, na yana umri wa kama miaka 5,000. Ulezi ni wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Kunde na uwele vimetoka Afrika Magharibi. Ukishavuka hapo, sahani yetu "ya asili" imejaa wageni. Mahindi, mihogo, maharage, karanga, viazi vitamu, nyanya, pilipili, papai, vyote ni vya Amerika, na vilianza kutufikia baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Ndizi na mpunga vilitoka Asia. Neno mahindi lenyewe linatuelekeza kwa Wahindi wakati mmea ni wa Mexico. Ugali mweupe tunaouita chakula cha mababu, babu wa babu yako pengine hakuwahi kuuonja.

Sisemi hivi kubishana na mkwe. Nasema kwa sababu chakula cha mababu si orodha ya majina. Kilichowalinda ni hali: nafaka iliyotwangwa na kuliwa bila kuvuliwa nguo zote, mboga za majani za kila aina kutegemea msimu, sukari adimu, mafuta ya kupimwa kwa kijiko, nyama ya siku maalumu, na mwili usiokaa. Unaweza kununua mtama ukayaacha mengine yote kijijini.

Kama ni mababu wa mababu, basi wapo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wachache tu waliobaki wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na wanasayansi wa dunia nzima wameshapiga kambi pale. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika makala ya kitabibu kuhusu chakula cha binadamu wa enzi za mawe, na humo ndimo ulimokua mtindo wa kukataza nafaka na jamii ya kunde. Lakini waangalie Wahadzabe wenyewe: mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama ikipatikana, na asali. Asali ndiyo wanayoipenda kuliko vyote, na asali ni sukari. Wanga wanakula sana. Tofauti ni kwamba unakuja na nyuzinyuzi zake, zinazokadiriwa kufika gramu 100 na zaidi kwa siku, wakati kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau 25. Ubuyu wao, kwa taarifa, si ule mwekundu wa kwenye vifuko unaopaka ulimi rangi.

Na wanatembea. Zaidi ya saa mbili kwa siku za kujishughulisha kwelikweli. Hapa kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza: mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe kwa siku, wakakuta, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ya Mmarekani wa ofisini. Kwa hiyo usitembee ukitegemea kuchoma chapati. Tembea kwa sababu msuli unaofanya kazi huichukua sukari kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imechoka.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote unatuhusu sisi wa Dar moja kwa moja, ulitoka mwaka 2010. Watu wa vijijini Morogoro waliokuwa wanahamia Dar es Salaam walipimwa kabla ya kuhama, wakatafutwa tena baada ya mwaka mmoja wakiwa mjini. Uzito ulikuwa umepanda kwa kilo mbili na ushee, wanaume na wanawake sawa. Wanaume wanaofanya kazi nzito walikuwa karibu 8 katika kila 10 kule kijijini, mjini wakabaki kama robo. Chakula je? Nyama nyekundu iliongezeka, lakini na matunda na mboga navyo viliongezeka. Yaani mji haukuwaharibia sahani peke yake, kuna mahali uliwatengenezea. Ulichowanyang'anya waziwazi ni jembe.

Halafu kuna yale ambayo wazee wetu hawapendi kuyasimulia. Bibi wa miaka tisini tunamtaja kwa sababu alibaki. Watoto wenzake waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano hawana wa kuwasemea. Rovu, ile tezi inayovimba shingoni, ilikuwa ya kawaida nyanda za juu mpaka chumvi ilipowekewa madini joto, jambo lililoshika kasi miaka ya 1990. Mwaka 1985 Tarime watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, sababu ikiwa mihogo michungu iliyoliwa kabla sumu yake haijatolewa sawasawa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara familia ziliugua ini kwa mahindi yao wenyewe, ya shambani mwao, yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na watu 20 wakafa. Hakuna kiwanda kilichohusika hapo.

Ndiyo maana ninachokithamini zaidi kwa mababu ni mikono yao kuliko mazao yao: kuloweka, kuvundika, kumeesha, kukausha mpaka punje ilie ukiing'ata. Kimea cha ulezi kikitiwa kwenye uji mzito, uji unalainika bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula zaidi kwa kikombe kilekile. Wataalamu wetu wa lishe walilipima jambo hilo miaka ya 1980 wakakuta kweli. Leo mtaani tunauziwa "unga wa lishe" wenye vitu kumi na viwili ndani, karanga zikiwemo, uliosagwa miezi mitatu iliyopita na unaonuka mafuta yaliyochacha. Bibi angeutupa.

Tuje kwenye kundi la WhatsApp. Chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo hakikubuniwa kwa ajili ya kupunguza tumbo. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alikipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo kinawasaidia baadhi ya watoto ambao dawa zimewashinda, wakisimamiwa hospitalini na chakula kikipimwa kwa mizani. Kwenye sukari pia kinafanya kazi, nisikufiche. Ukiondoa wanga, sukari ya damu inashuka, na uzito unashuka haraka wiki za mwanzo, sehemu kubwa ikiwa maji. Tatizo ni mwaka mmoja baadaye. Watu wakilinganishwa wakati huo, tofauti kati ya waliofuata njia hii na waliopunguza chakula kwa njia za kawaida inakuwa ndogo sana, kwa sababu wengi hawawezi kuendelea. Choo kinakuwa kigumu, mdomo unanuka, na wengine lehemu mbaya, yaani kolesteroli, inapanda kwa siagi na mafuta ya nyama.

Kula kwa saa maalumu nako, mwaka 2022 Wachina wa Guangzhou walichapisha jaribio la watu 139 wenye unene. Wote walipunguza chakula kwa kiasi kilekile, nusu wakala ndani ya saa nane tu. Baada ya mwaka mzima hapakuwa na tofauti ya maana. Sisi tungeweza kuwaambia bure. Kila Ramadhani Dar nzima inakula usiku tu, na baada ya Idi naona kliniki walioongezeka kilo tatu kwa mihogo ya nazi, maandazi, sambusa na juisi za mtungi mzima.

Siki ya tufaha na maji ya limau ya asubuhi, vinavyosifiwa kwenye makundi kama hayo, sina la kusema. Limau ni zuri kwenye samaki.

Sasa muulize huyo mwenzako, taratibu, mkiwa wawili: kabla ya kundi alikuwa anakula nini? Nimewauliza wengi kama yeye na majibu yanafanana. Chapati mbili asubuhi, andazi saa nne, soda mchana, chipsi kuku jioni, bia mbili Ijumaa. Vyote vimeondoka siku moja, na sifa zikapewa siagi! Kilichompunguza ni kile alichoacha. Na angalia sasa, baba mkwe naye ukimfuata kwa ukamilifu, vitu vinavyoondoka ni vilevile. Hao wawili wanagombana kuhusu ugali, lakini kwenye soda na andazi wamekubaliana bila kujua.

Ile ya kukataza matunda ifute kabisa. Embe moja, kipande cha papai, chungwa na nyama yake, hayajamtia mtu kisukari. Juisi ndiyo nyingine, hata ya nyumbani isiyo na sukari ya kuongeza, kwa sababu machungwa manne yanashuka kwa dakika moja na nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio.

Mezani kwangu kliniki nina kikombe, kijiko na kopo la sukari. Mgonjwa akiniambia anatia "vijiko vitatu tu", namwomba anitilie kana kwamba yuko nyumbani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Cha kwetu kinakuja na mlima juu yake, gramu 6 au 7, na kuna mama mmoja alinicheka akasema hiki kijiko chako kidogo, cha kwangu ni kile cha kulia wali. Vijiko vitatu vya mlima kwa vikombe vitatu ni karibu gramu 60. Soda ya mililita 350 ina kama gramu 37. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku, na ikibaki 25 ni bora zaidi. Wewe hukuniandikia kuhusu chai. Karibu wote huwa hawaandiki, kwa kuwa chai kwetu haihesabiwi kuwa chakula. Fanya jaribio hilo leo jioni, wewe na mzee, kila mtu na kikombe chake. Kisha punguzeni nusu kijiko kila wiki. Ukikata ghafla utarudi, ukipunguza hivyo ulimi hautagundua, na baada ya miezi miwili chai ya ugenini itakushinda kwa utamu.

Picha yako ya Jumapili nimeiangalia kwa muda. Ugali umesimama kama kichuguu, mweupe wa sembe, umechukua zaidi ya nusu ya sahani. Samaki mzuri kabisa, nadhani sato, nusu. Mchicha uko pembeni, vijiko viwili, kama pambo. Hakuna kitu kibaya kwenye sahani hiyo, kilichokosewa ni nafasi. Wabadilishane ugali na mchicha. Ugali ubaki kama ngumi yako, mchicha au matembele au mlenda wa baba mkwe vichukue nusu ya sahani, samaki abaki alivyo, na kunde au maharage vikipatikana vije. Mboga za Dar ni rahisi kuliko kitu chochote mlichoambiwa kwenye kundi mnunue, na ukipita sokoni Buguruni asubuhi utachagua mpaka uchoke.

Sembe ni suala la hadhi, tunajua wote. Dona wengi wanalikumbuka la bwenini, na mtu akishapata kazi mjini hataki kurudia. Lakini mashine ya kukoboa inaondoa ganda na kiini, humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini na mafuta mazuri. Kinachobaki ni wanga mtupu unaofika kwenye damu mbio. Dona hufika polepole kidogo. Nasema kidogo: kichuguu cha dona bado ni kichuguu.

Asubuhi chapati zigeuze kuwa kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha na yai. Mchana kwa mama ntilie usione haya, mwambie wali nusu, maharage yaongezwe, na mboga za majani. Watakuzoea ndani ya wiki, hata bei hawatapandisha. Soda iwe maji. Chipsi kuku ya Ijumaa sitakunyang'anya, maana nikikunyang'anya utaniongopea. Mle wawili sahani moja, na kachumbari ijae.

Kuhusu jembe la mjini: daladala ishukie Mnazi Mmoja, utembee mpaka Posta. Ni robo saa hivi kwa mwendo wa mtu anayechelewa. Jioni vivyo hivyo ukirudi. Robo saa mara mbili kwa siku tano ni dakika 150 kwa wiki, na hicho ndicho kiasi kilichotumika kwenye jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lenye watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari kama yako, juu ila bado si kisukari. Waliotembea kiasi hicho na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, walioingia kwenye kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kulinganisha na wasiofanya hivyo. Waliopewa metformini pekee, pungufu kwa 31. Kwako asilimia 7 ni kilo 6. Sikuombi 11. Kilo 6 kwa miezi sita, ukila ugali.

Ukishasoma yote haya bado ukaona moyo unataka kuacha wanga, wewe huna kidonge kinachokushusha sukari na sina sababu ya kukutisha. Jaribu kwa kupunguza, si kufuta, na mafuta yatoke kwenye parachichi, karanga na samaki kuliko kwenye siagi. Pima lehemu kabla na baada ya miezi mitatu. Ukipata ujauzito, acha siku hiyo hiyo.

Gunia sasa. Lifungue leo, usisubiri mwisho wa mwezi, maana limesafiri na Dar ina unyevu ambao Singida haina. Limwage kwenye turubai juani. Ingiza mkono katikati ya punje: zikiwa na joto au zinashikana, hazijakauka. Ukiona ukungu, punje za kijani au nyeusi, au harufu ya uvundo, hizo usipepete ukapika, na usiwape kuku, sumu hurudi kupitia yai na nyama. Zilizo safi zikauke, ziingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Usisage gunia lote. Unga wa nafaka nzima una mafuta yake na unachacha, kwa hiyo kilo tano tano. Kwa kuanza changanya robo mtama na robo tatu dona, watoto wasikimbie rangi, halafu panda mpaka nusu kwa nusu. Kula na kitu chenye uchachu wa limau au embe bichi, kwa sababu mtama unashikilia madini ya chuma na uchachu huo unayaachia. Chai isubiri saa moja baada ya ugali, nayo inayazuia. Uji wake ukilala usiku mmoja na ukachachuka kidogo, ni bora zaidi kuliko wa papo hapo.

Na mashineni mwambie kijana asikoboe, asage tu. Kisha simama hapo hapo mpaka amalize, kwa sababu mkono wake umezoea kukoboa, na ukiondoka kwenda kununua vitunguu utarudi ukute pumba ziko kwenye ndoo ya mfuga kuku na wewe umebaki na sembe ya mtama.